Poon Lim, baharia wa siku 133, na nishani yenye jina lake



Katika bweta aliloliacha marehemu mama yangu, hapa Seeb, imo nyota ya shaba yenye ncha sita, na utepe wa rangi tatu: buluu iliyokoza, nyekundu na buluu ya mbingu. Katikati yake pana taji na herufi za mfalme wa Uingereza. Ukiigeuza nyuma hukuti kitu. Hapana jina wala namba. Ni ya marehemu baba yangu.

Mwezi uliopita mjukuu wangu wa miaka tisa aliishika, akaniuliza kama baba yangu alikuwa askari. Nikamwambia hapana, alikuwa baharia wa meli za biashara, akitia makaa kwenye matanuri ya boila. Akauliza tena: kama hakuwa askari, kwa nini akapewa nishani ya vita? Nikamjibu kwa maneno mawili matatu, nikaona mwenyewe kwamba jibu halikutosha. Baba alifariki hapa Maskati, na miaka yote tuliyokaa naye hatukuwahi kumkalisha chini tumuulize alipita bahari gani, na meli gani, na nani walikuwa pamoja naye. Yeye hakusema, na sisi hatukuuliza.

Basi nikaamua kumsimulia mjukuu wangu maisha ya baharia mwingine wa zama zile zile, ambaye watu walimuuliza, na habari zake zikaandikwa. Naye hakuwa askari. Hakuwa Mwingereza wala mtu wa pwani yetu. Alikuwa Mchina, mhudumu wa melini, jina lake Poon Lim. Mtoto alipokwisha kusikiliza alinitaka niandike, na ndiyo haya.

Poon Lim alizaliwa tarehe 8 Machi 1918 katika kisiwa cha Hainan, kusini mwa China. Kama ilivyokuwa kwetu Unguja na Pemba, na kama ilivyo Sur hapa Omani, vijana wa visiwa na miji ya pwani wakitafuta riziki huitazama bahari kwanza. Februari 1939 majeshi ya Japani yakakiteka kisiwa cha Hainan. Vita vilipopamba moto, Poon Lim alikuwa tayari miongoni mwa maelfu ya Wachina waliokuwa wakifanya kazi katika meli za biashara za Kiingereza.

Hapa inafaa nieleze kidogo kazi ya meli za biashara wakati wa vita, maana ndipo jibu la mjukuu wangu lilipo. Uingereza ni kisiwa. Ngano, nyama, mafuta, chuma na risasi, vyote vilikuja kwa meli. Adui akizizamisha meli hizo, kisiwa kinakufa njaa na jeshi linakaa bila silaha. Ndiyo maana nyambizi za Kijerumani ziliwawinda mabaharia wa biashara kama zilivyowinda manowari, na huenda zaidi. Katika bustani ya Tower Hill, London, pana ukumbusho wenye majina ya karibu mabaharia 24,000 wa biashara na wavuvi wa vita vile vya pili, wote waliokufa bila kaburi ila bahari. Na katika meli hizo za bendera ya Uingereza walikuwamo Wahindi, Wachina, Wayemeni, Wasomali na watu wa pwani yetu, wengi wao chini kabisa, kwenye makaa na moto, au jikoni na mezani. Mishahara yao ilikuwa midogo kuliko ya Mwingereza aliyefanya kazi ile ile. Na hata Mwingereza mwenyewe, mpaka mwaka 1941, meli yake ikizama mshahara wake ulikatwa siku hiyo hiyo, hata kama bado yumo ndani ya mashua akisubiri kuokolewa.

Novemba 1942 Poon Lim alikuwa na umri wa miaka 24. Alikuwa mhudumu wa pili katika meli iliyoitwa Benlomond. Meli hii iliondoka Cape Town ikielekea Paramaribo, pwani ya kaskazini ya Amerika Kusini. Ilikwenda peke yake, bila manowari ya kuisindikiza, na mwendo wake ulikuwa mdogo. Tarehe 23 Novemba, ikiwa bado mbali na mdomo wa mto Amazon kwa kiasi cha maili 750, nyambizi ya Kijerumani U-172 ikaipiga kwa topido mbili. Ikazama kwa dakika chache tu.

Nasimama kidogo hapo kwenye tarehe, kwa sababu inatugusa. Siku hiyo hiyo, tarehe 23 Novemba 1942, katika bahari yetu ya Hindi, meli ya abiria Tilawa, iliyokuwa ikitoka Bombay kwenda Mombasa, Lourenço Marques na Durban, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani kaskazini ya Shelisheli. Ilikuwa na abiria 732, wengi wao Wahindi waliokuwa wakienda Afrika ya Mashariki kwenye maduka na jamaa zao. Watu 280 walikufa. Basi siku moja, bahari mbili, na njia ile ile ambayo wazee wetu waliisafiri kila mwaka.

Turudi kwa Poon Lim. Alivaa jaketi la kuokolea, akajirusha majini kabla boila hazijapasuka. Hakuwa mwogeleaji hodari. Alielea kiasi cha saa mbili mpaka akakiona chelezo cha mbao kilichokuwa cha meli, kitupu, akakipanda. Chelezo kile kilikuwa cha mraba, kila upande futi nane, yaani si kikubwa kuliko zulia la chumba cha kulala. Katika watu wote wa Benlomond, zaidi ya hamsini, ni yeye peke yake aliyenusurika.

Juu ya chelezo alikuta mikebe ya biskuti, dumu la maji la kiasi cha lita arubaini, chokoleti, mfuko wa sukari ya mabonge, fataki za kuitia msaada, na tochi. Alipiga hesabu. Akawa anakula biskuti chache kwa siku na kunywa maji mafunda machache. Kwa hesabu ile angefika mwezi mmoja, na mwezi mmoja ulipita bila ya mtu kuja.

Hapo ndipo mtu aliyezoea kupanga sahani mezani alipogeuka kuwa mvuvi. Alichomoa waya wa ndani ya tochi, akaupinda ukawa ndoana. Akasokotoa kamba ya katani ikawa mshipi. Alipotaka samaki wakubwa zaidi alichimbua msumari kwenye mbao za chelezo, akaupinda nao. Bati la mkebe wa biskuti akalifanya kisu. Turubali la jaketi lake akalitandaza kukinga mvua. Na samaki aliyempata alimpasua, akamtundika kwenye kamba juani akauke.

Mjukuu wangu alicheka nilipofika hapo, maana alijua ninakokwenda. Hakuna nyumba ya Kiswahili hapa Omani isiyojua samaki mkavu. Ng'onda wa Unguja, papa wa pwani, na huyu awal wa Omani tunayemla kwa limau na kitunguu, wote ni elimu ile ile: jua na upepo vinahifadhi kile ambacho bahari imetoa leo, kwa ajili ya siku ambayo haitatoa. Poon Lim aliigundua elimu hiyo upya, peke yake, juu ya ubao unaoyumba.

Kwa kuwa hakuogelea vizuri, alijifunga kamba mkononi, upande wa pili akaufunga kwenye chelezo, asije akaanguka akapotea. Bahari ilipotulia na papa hawakuonekana, aliingia majini akaogelea ili misuli isife. Ndiyo sababu, baadaye, aliweza kutembea.

Lakini ilikuja dhoruba, ikamharibia samaki wake wote na maji yake yakaingia chumvi. Akawa hana kitu. Alipopata nguvu kidogo akamkamata ndege wa baharini, akanywa damu yake ili asife kwa kiu. Msomaji atasema damu ni haramu. Ni kweli, na Poon Lim hakuwa Mwislamu. Lakini hata sheria yetu inajua dharura, na sijui dharura iliyo kubwa kuliko ile.

Mabaki ya ndege aliyafanya chambo cha papa. Akausuka mshipi uwe mara mbili, akaizungushia mikono yake turubali isikatwe, akamvuta papa mmoja mdogo mpaka juu ya chelezo. Papa akamrukia. Yeye akampiga kwa dumu la maji, ambalo alikuwa amelijaza nusu maji ya chumvi liwe zito. Akamuua, akamkata, na vipande vyake akavianika.

Jambo linaloniuma mimi katika kisa hiki si papa wala dhoruba. Ni kwamba alionekana na hakuchukuliwa. Meli ya mizigo ilipita karibu naye. Aliwasha fataki, akapunga, akapiga kelele. Ikaenda zake. Poon Lim mwenyewe aliamini kwamba walimwacha kwa sababu waliiona sura yake. Wengine wanasema manahodha wa wakati ule waliogopa, maana nyambizi zilivizia meli inayosimama kuokoa watu. Mimi sikuwamo ndani ya meli ile siwezi kuhukumu. Ndege za doria za Kimarekani nazo zilimwona mara moja, na moja ikadondosha boya kuweka alama pale alipo, lakini tufani likaja likamsukuma mbali, asionekane tena. Hata nyambizi ya Kijerumani ilimwona, ikamwacha vile vile.

Siku zake alizihesabu kwanza kwa kufunga mafundo kwenye kamba. Mafundo yalipokuwa mengi mno akayaacha, akahesabu miezi mipevu, kama walivyofanya wazee wetu wa majahazi.

Asubuhi ya tarehe 5 Aprili 1943 aliona rangi ya maji imebadilika. Hayakuwa tena yale ya buluu nzito ya bahari kuu. Wenye kujua bahari wanaelewa maana yake: mto uko karibu. Wavuvi watatu wa Kibrazili wakamkuta, wakamtia katika chombo chao, na siku tatu baadaye wakamfikisha mji wa Belém. Alikuwa amekaa juu ya chelezo siku 133. Alikuwa amepungua kiasi cha kilo tisa tu, na alitembea kwa miguu yake bila kushikwa. Alikaa hospitali wiki nne.

Wasomaji wanaokumbuka wavuvi wa kwao watanielewa nikisema sishangai kwamba waliomchukua walikuwa wavuvi. Meli kubwa ina ratiba na ina hofu. Mvuvi akimwona mtu majini hamwulizi ni wa taifa gani.

Balozi mdogo wa Uingereza akamtengenezea safari ya kurudi, kupitia Miami na New York. Mfalme George wa Sita akamtunuku nishani iitwayo Medali ya Dola ya Uingereza. Wakubwa wa jeshi la majini wakataka kujua kila alichofanya, kuanzia ndoana ya tochi mpaka turubali la mvua, na mafunzo yake yakaingizwa katika vitabu vya kuwafundisha mabaharia namna ya kunusurika. Kampuni yenye meli ikampa saa ya dhahabu.

Medali ile aliyopewa si ya daraja la juu. Katika mpangilio wa heshima za Kiingereza wa wakati huo ilikuwa ni ya watu wa vyeo vya chini, ambao hawakuhesabiwa kufikia nishani za maofisa. Lakini ina jambo moja ambalo nyota ya baba yangu haina. Ukingoni mwake huchongwa jina la mwenyewe. Nyota za huduma ya vita walizopewa mamilioni, za askari na za mabaharia, Waingereza walizitoa bila jina. Na baharia wa biashara hakuletewa mlangoni, ilimbidi aombe. Fikiria basi ni wangapi, waliorudi vijijini na visiwani mwao wasiojua kusoma fomu ya Kiingereza, ambao hawakuomba na wakafa bila hata hiyo nyota isiyo na jina. Sasa naiangalia ya baba kwa jicho jingine. Kuna siku alikwenda ofisini, akasimama, akaomba. Yeye ambaye hakusema kitu kwetu aliona ni haki yake.

Na ule utepe wake, ndugu msomaji, una maana. Nyekundu ni ya jeshi la nchi kavu, buluu ya mbingu ni ya jeshi la anga, na buluu iliyokoza ni ya bahari: manowari na meli za biashara pamoja. Hilo ndilo jibu nililompa mjukuu wangu mwishoni. Theluthi moja ya utepe ule ni ya watu wa bahari, na babu mkuu wake alikuwa mmoja wao.

Ningeweza kuishia hapo, kwenye mfalme na medali, kama wengi wanavyoishia wakimsimulia Poon Lim. Lakini maisha yake hayakuishia hapo.

Vita vilipomalizika, Uingereza haikuwahitaji tena mabaharia wa Kichina waliokuwa wamejaa bandari ya Liverpool. Katika miaka ya 1945 na 1946 serikali ikawakusanya na kuwarudisha China, na wengi wao walikuwa na wake wa Kiingereza na watoto. Baadhi ya wake wale hawakuambiwa lolote. Mume alitoka nyumbani hakurudi, na mke akaishi miaka akidhani ametelekezwa. Hao walikuwa watu wa bahari ile ile, meli zile zile, topido zile zile.

Poon Lim yeye alitaka kuhamia Marekani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1943 iliruhusu Wachina 105 tu kwa mwaka kuingia kama wahamiaji. Nafasi zimejaa. Mtu aliyeishi siku 133 juu ya ubao, ambaye magazeti ya dunia yalimwandika, akaambiwa kama anavyoambiwa mtu yeyote dirishani: hakuna nafasi. Ilibidi Seneta Warren Magnuson wa jimbo la Washington amsimamie bungeni kwa sheria maalumu ndipo akaruhusiwa kukaa. Baadaye akawa raia. Aliishi Brooklyn, New York, na hapo ndipo alipofariki tarehe 4 Januari 1991, akiwa na umri wa miaka 72.

Sisi tuliotoka Unguja tunajua maana ya kusubiri karatasi. Katika kila familia inayosoma ukurasa huu kuna aliyeondoka baada ya 1964 na mfuko mmoja, akapita Mombasa, Dubai au Cairo kabla ya kufika alipofika. Kuna aliyekaa na bahasha ya vyeti chini ya godoro miaka kumi, akingoja mtu amwambie yeye ni wa wapi. Ndiyo maana sehemu hii ya maisha ya Poon Lim ilinigusa kuliko ile ya papa. Medali ilisema kwamba alitenda jambo kubwa. Haikumpa pa kukaa. Hicho alikipata kwa sababu alipatikana mtu mmoja wa kusimama na kumsemea.

Na nadhani hili ndilo tunalodaiwa sisi kwa wazee wetu. Poon Lim alikuwa na mwandishi, balozi, mfalme na seneta. Mtia makaa wa Unguja hakuwa na yeyote kati ya hao. Ana sisi tu.

Baada ya kumaliza kumsimulia mjukuu wangu nilimpigia simu ami yangu, ambaye ni mkubwa kuliko mimi na bado ana kumbukumbu nzuri, alhamdulillahi. Nikamuuliza kuhusu baba na meli. Kumbe alikuwa anajua mengi. Alijua bandari alizozitaja, alijua na rafiki yake mmoja aliyekufa majini, ambaye mimi sikuwahi kulisikia jina lake. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia siku zote hizi. Akasema hakuna aliyeuliza.

Nimeandika aliyoyasema kwenye karatasi, pamoja na jina kamili la baba, la babu yake na la rafiki yake yule, nikaikunja na kuitia ndani ya bweta chini ya nyota. Mjukuu wangu ndiye aliyeifunga. Nawaomba na nyinyi mfungue mabweta yenu, na kama yuko mzee bado hai, mpigieni simu leo kabla ya magharibi.

Mwenyezi Mungu awarehemu mabaharia wetu wote, waliorudi na wasiorudi.